Bakuli la Bibi Lau

Siku niliyoagwa kazini mlinipa saa ya ukutani. Ni saa nzuri, ina fremu ya rangi ya dhahabu, na mlio wake kama kuku anayedonoa sahani ya bati. Nashukuru sana. Lakini nawaambia, vijana wangu wa depo, mngempelekea Bibi Lau saa ile angeirudisha ikiwa bado kwenye karatasi yake. Kwao, Wachina, mtu hapewi saa. Ukimpa mtu saa ni kama umemwambia ajitayarishe, siku zake zimekaribia. Nilicheka, nikaipokea kwa mikono miwili, na sasa iko ukutani inanidonoa.

Siku ile ile Baraka alileta pilau ya mkewe ndani ya bakuli la kioo lenye kifuniko cha kijani. Pilau haikulala. Bakuli ndilo lililobaki, na tangu hapo Baraka ananipigia simu kila Jumapili. Shikamoo mzee, hali yako mzee, na lile bakuli je, mama watoto analiulizia. Namjibu marahaba, sijambo, bakuli lipo, nitalirudisha nikimaliza kuandika yale mliyoniomba. Basi haya ndiyo mliyoniomba. Bakuli bado lipo.

Ya vyeo siyaandiki, kwa sababu nilianza dereva nikamaliza dereva. Nilichopanda ni ngazi za watu tu, hasa lifti zikiharibika. Nitaandika yale ambayo hamtafundishwa kwenye yale mafunzo ya asubuhi moja na biskuti.

Nilitoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, nikafika London na koti la kuazima ambalo mwenyewe mpaka leo hajalidai. Niliosha matrei kwenye kiwanda cha mikate, nikabeba maboksi sokoni, mwisho nikapata kazi ya kuwapelekea wazee chakula cha moto majumbani. Depo ilikuwa Barking, kwenye uwanja wa nyuma ya jiko kubwa. Kazi yenyewe mnaijua: trei ya foili, mlango, mzee, halafu trei nyingine. Ila nyinyi mna boksi la umeme linalojipasha lenyewe. Sisi tulikuwa na sanduku la bati lililopashwa moto asubuhi jikoni, na tangu hapo ilikuwa dereva na baridi, nani atafika mwanzo.

Aliyenifundisha alikuwa Alfi, Mwingereza mfupi aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba za watu, isipokuwa kwa wajane. Siku ya kwanza alinifundisha kupiga breki. Alisema dereva wa basi akipiga breki vibaya abiria wanapiga kelele, lakini sisi tukipiga vibaya kastadi, ule uji mtamu wa maziwa, inaingia kwenye samaki, na mzee wa watu anakula hivyo hivyo kwa kuona haya. Alinifundisha kutandika magazeti makuukuu chini ya trei, na kutembea na kijiko cha mbao cha kunyanyulia foili iliyoshika moto. Alinifundisha kubisha hodi na kungoja, maana mzee anayechelewa kufungua hana kiburi, anatafuta meno.

Neno lake kubwa lakini lilikuwa moja. "Usimuulize mzee kama amekula," aliniambia. "Wote watakwambia wamekula. Wewe angalia trei ya jana."

Hilo la trei ya jana ndilo lililonifungulia nyumba ya Bibi Lau.

Bibi Lau aliongezwa kwenye njia yangu Alfi alipokuwa karibu kustaafu na bado tukipanda gari moja. Alikuwa Mchina wa Hong Kong, mjane, akikaa Poplar kwenye flati ya ghorofa ya juu. Yeye na mumewe walikuwa na duka la chakula cha kuchukua, na kwa miaka mingi walilisha mtaa mzima. Mume alipofariki duka likauzwa, mtoto wao wa pekee akahamia mji wa mbali kwa kazi, na Bibi Lau akaacha kupika. Hakuwa mgonjwa. Aliacha tu. Nguo zilipoanza kumpwaya, daktari akataka aletewe chakula nyumbani. Mtoto naye akasema mama akizidi kukonda hana budi kumpeleka kwenye nyumba ya wazee. Bibi Lau alikwisha kwenda kumtembelea mtu kwenye nyumba kama hiyo, na alichokumbuka ni kwamba jiko lake lilikuwa na kufuli. Hilo kufuli alilichukia kuliko kifo.

Siku ya kwanza nilimpelekea nyama ya kusaga iliyofunikwa viazi vya kuponda. Alinifungulia mwanamke mdogo wa umbo, nywele nyeupe fupi, sweta la mikono mirefu kuliko mikono yake. Aliipokea trei kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaiweka mezani, akaniashiria ningoje. Akarudi kutoka jikoni na chenza mbili. Nikakataa, maana sheria ya kazi inasema dereva asipokee kitu zaidi ya kikombe cha chai. Akanisogezea. Nikakataa tena. Akafurahi kuona nakataa vizuri, kisha akanitia zote mbili mfukoni mwa koti na kunifungia mlango. Chini garini Alfi alizitazama, akamenya moja, akasema sheria haikutaja matunda.

Sasa mnajua sisi tulivyolelewa. Kwetu jirani akikuletea futari, sahani yake hairudi tupu. Huna kitu? Utaweka sukari, utaweka mayai, utachuma ndimu uani. Mkono mtupu haulambwi. Mimi nilidhani mambo hayo ni yetu peke yetu, na Wazungu wa London walinithibitishia kwa miaka mingi. Kumbe kwa Bibi Lau ni hivyo hivyo, na wamezidisha. Kwao mgeni akija na kikapu cha zawadi, mwenyeji haondoi vyote. Sehemu anaiacha mle mle imrudie aliyeleta, asije akatoka mtupu. Mtu wa namna hiyo leo analetewa chakula kila siku na mwanamume mzima aliyepanda ngazi kwa miguu yake. Atapata wapi usingizi?

Siku ya pili nikakumbuka la Alfi, nikaitafuta trei ya jana. Niliiona nikipanda, nje ya mlango wa mzee wa ghorofa ya chini, imelambwa mpaka inang'aa, na pembeni yake mbwa wa yule mzee amelala kwa raha. Nilifika juu nimekasirika kidogo. Nikakuta mezani kuna bakuli la kauri la buluu, limechorwa samaki, linatoa mvuke.

Yalikuwa mayai. Baadaye alinionyesha anavyoyapika: anayapiga na maji ya vuguvugu, anaengua povu lote kwa kijiko, anafunika bakuli kwa sahani ili maji yasidondokee, kisha mvuke wa moto mdogo mpaka yatetemeke bila kumwagika. Juu yake tone la sosi ya soya na majani ya kitunguu. Akanipa kijiko. Nikamwambia niko kazini. Akaketi, akaniangalia. Nikaona nitamvunjia heshima, nikaonja kijiko kimoja. Naye akachota cha kwake. Nikaweka kijiko chini. Akaweka na yeye. Nikachota tena. Akachota. Nikarudia mara nyingine, kama mtu anayejaribu swichi ya taa, na kila mara taa iliwaka.

Hapo ndipo nilipoujua ugonjwa wake. Bibi Lau hakuweza kula peke yake, na hakuweza kujipikia mtu mmoja. Maisha yake yote alipika ili atoe. Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu mtoto, nikidhani ni adabu tu ya kumkaribishia mtu. Siku ile niliyaona kwa macho.

Nikamweleza Alfi. Hakucheka. Alisema Bibi Lau awe wa mwisho kwenye njia, ili nikikaa kwake pasiwe na mzee mwingine anayepoa garini. Hili lichukueni: njia haipangwi kwa ramani peke yake, inapangwa kwa nani anahitaji ukae. Basi kila siku nikawa namaliza kwake. Trei yangu ilikwenda kwa mbwa wa chini, naye akanawiri, na mimi nilikula mayai, au uji wa mchele wenye tangawizi, na Bibi Lau akala na mimi kijiko kwa kijiko.

Ukafika mwezi wao wa vifurushi vya majani. Ni mchele wa kunata uliofungwa kwa majani ya mwanzi, ukakazwa kwa uzi, ukachemshwa nusu ya siku. Alikuwa amevipanga mezani kama mtu anayefungua duka tena. Akanikatia kimoja, na ndani, pamoja na kiini cha yai la chumvi, kulikuwa na kipande kinene cha nguruwe. Nikaweka mkono kifuani, nikamwambia mimi Muislamu, nguruwe sili. Alikitazama kifurushi, akanitazama mimi, akaziba mdomo kwa mkono. Niliogopa nimeharibu kila kitu. Akavifunga vyote kwenye mfuko, akaniambia nimpe rafiki yangu mwenye kofia. Alfi alivila kwa wiki nzima na kila siku aliuliza kama kuna sikukuu nyingine karibu.

Kesho yake nikakuta jikoni karai jipya, limefungwa uzi mwekundu kwenye mshikio. Kiingereza cha Bibi Lau na changu wakati ule vilikuwa vinakutana njiani vyote vimechoka, lakini hili alilisema likaeleweka.

"Hili la Salu," alisema, ndivyo alivyolitamka jina langu, Salum. "Nguruwe hajaliona."

Nawaambieni kweli, nimepewa vitu katika maisha yangu, lakini sijapata kupewa kitu kinacholifikia karai lile.

Ubaya ulianza siku aliponipa bakuli la buluu nichukue nyumbani. Mke wangu Zuwena, Mungu amrehemu, alikuwa msafishaji wa hospitali, mtu wa Ng'ambo ya Unguja mjini, na mambo ya vyombo hakuyafanyia mzaha. Alilishika lile bakuli, akaligeuza, akauliza la nani. Nikamwambia. Akasema la watu hilo, halirudi tupu, akaroweka mchele wa vitumbua papo hapo. Nikalirudisha na vitumbua. Bibi Lau alivionja, akafumba macho, na kesho yake bakuli likaja kwetu na keki ya figili nyeupe iliyokaangwa kwenye karai langu. Zuwena akajibu kwa sambusa. Bibi Lau akajibu kwa samaki wa mvuke aliyemwagiwa mafuta ya moto juu ya tangawizi. Zuwena akatoa mkate wa kumimina. Bibi Lau akatoa keki za dukani za sikukuu yao ya mwezi mpevu, nzito kama kokoto, baada ya kusoma boksi zima kwa kioo cha kukuzia akitafuta kama kuna mafuta ya nguruwe. Wanawake hawa wawili walikuwa hawajaonana hata siku moja.

Hakuna aliyejua namna ya kuacha. Popote bakuli lilipolala, nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa inadaiwa. Zuwena alichoka.

"Salum, mwambie basi yule bibi apumzike," aliniambia jioni moja, unga mpaka kwenye viwiko. "Mie nna early shift kesho."

"Mwambie wewe."

"Nimwambieje, na bakuli liko kwetu?"

Binti yetu alikuwa mezani na vitabu vyake. "Just give it back empty, Baba," akasema bila kunyanyua kichwa. Mama yake alimtazama kama mtu aliyetukana msikitini, na hatukulizungumza tena. Mimi nilikuwa dereva tu, na kwa mara ya kwanza nilipeleka chakula kwa kwenda na kwa kurudi.

Na Bibi Lau alipona. Mashavu yalirudi. Sweta likamkaa. Mtoto wake alipokuja kumtazama hakutaja nyumba ya wazee, alikula akaondoka na mzigo.

Halafu ofisi ikapata watu wapya. Njia ni ndefu mno, walisema, na wapo wanaoletewa chakula na uwezo wa kupika wanao. Mtu wa social, yaani wa ustawi wa jamii, atapita kila nyumba, na anayeweza kujipikia ataondolewa. Waliona ni jambo la haki na mimi siwezi kusema halikuwa la haki. Lakini kwa Bibi Lau nililiona linavyokwenda: akionekana anapika, mimi naondolewa; nikiondolewa hana mgeni; hana mgeni hapiki, na asipopika hali. Baada ya hapo ni mtoto, na nyumba, na kufuli.

Nilimweleza kwa maneno na kwa mikono. Siku hiyo akae kwenye kiti, blanketi magotini, jikoni asitie mguu. Ajifanye mgonjwa, na abaki mgonjwa mpaka mgeni aondoke. Alikubali. Alijifunza hata kuguna, na aliguna vizuri mpaka nikapata wasiwasi. Karai tulilitia chini ya kitanda. Tangawizi tuliificha kabatini kati ya mashuka.

Siku yenyewe mvua ilinyesha. Mimi nilijipanga nifike wakati mmoja na mtu wa social, nikasimama mlangoni na trei yangu kama shahidi. Alikuwa kijana mpole jina lake Miss Karen, koti limelowa, viatu vinalia maji. Bibi Lau alikuwa kitini, blanketi magotini, anaguna. Miss Karen akauliza kama anaweza kuchemsha maji. Akatikisa kichwa. Anaweza kusimama jikoni? Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Nikaanza kumshukuru Mungu moyoni.

Miss Karen akapiga chafya. Akaomba radhi, akasema amezunguka tangu asubuhi na mchana umempita bila kutia kitu mdomoni.

Niliona mikono ya Bibi Lau ikitembea chini ya blanketi. Nikamtikisia kichwa. Akaviangalia vile viatu vya Miss Karen. Nikakohoa. Aliniangalia mara moja, kwa upole, kama mtu anayeniomba radhi, halafu akasimama, blanketi akanitupia mimi, akaenda chumbani. Tulimsikia akilivuta karai kutoka chini ya kitanda. Akatoka nalo, na tangawizi kwapani.

Sijapata kuona jiko likifanya kazi kama siku ile. Kwanza chai ya tangawizi, kisha mayai ya mvuke, kisha wali uliokaangwa na samaki wa chumvi, harufu yake kama ng'onda wa kwetu, ikashuka ngazi mpaka mbwa wa chini akaanza kubweka. Miss Karen alikula kwa mashavu yote mawili. Akitaka kuondoka akazuiwa mlangoni: sahani ya keki ya figili, na chenza mbili juu. Akasema hawaruhusiwi kupokea zawadi. Bibi Lau akafurahi kuona anakataa vizuri. Nilijua mwisho wake.

Nilimfuata ngazini, nikamwambia yote bila kuficha. Yule bibi anapika kwa sababu mimi naja. Nisipokuja atakaa na njaa ndani ya jiko lililojaa. Miss Karen alisimama na sahani yake mikononi, na niliona kwamba ananiamini.

"Nakuamini, Mr Salum," alisema. "Lakini nimetumwa niangalie kama anaweza kupika. Na mimi nimekula."

Nikapanda tena juu, nimekasirika. Bibi Lau alikuwa anaosha vyombo, mabega yake madogo yananipa mgongo.

"Bibi, nilikwambia ukae," nikasema.

"Mgeni amelowa," akajibu, hakugeuka. "Ana njaa. Mimi nikae?"

Zuwena angefanya vile vile. Mama yangu angefanya vile vile, na yeye asingelificha karai hata kidogo. Nilishuka ngazi nimemkasirikia na ninajivunia kumjua, yote kwa pamoja.

Wakamwondoa. Wiki zilizofuata njia yangu haikupita Poplar. Nilimalizia kwa mzee mwingine, mtu mwema, anayekula trei yake yote akitazama televisheni wala hana haja na mtu. Nilikula sandwichi yangu ndani ya gari na nilimkumbuka Bibi Lau mpaka mkate ukawa na ladha ya foili. Nilijiambia sheria ni sheria, na kwamba kama angetaka angeweza kukaa kitini nusu saa tu. Nilijiambia mengi. Kwenda sikwenda, maana niende kama nani? Sina trei.

Jumamosi moja Zuwena alikuwa anapanga kabati. Akatoa kitu nyuma ya masufuria, akakiweka mezani mbele yangu. Bakuli la buluu. Kwenye vurugu zile za kuondolewa lilikuwa limelala kwetu.

"Salum," akasema. "La watu hili."

Alikwisha shika mbuzi, anakuna nazi. Alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka, akalifunga bakuli kwa kanga, akavaa koti lake la Idi, tukapanda treni mpaka Poplar, mimi bila gari wala sare, najiona kama mtu aliyesahau kuvaa viatu.

Bibi Lau alikawia kufungua. Alipofungua, niliona sweta limeanza kumpwaya tena. Jikoni kwake kulikuwa baridi, na juu ya jiko ametandika gazeti. Zuwena akampa bakuli kwa mikono miwili. Walitazamana wale wanawake, juu mpaka chini, kama mafundi wawili ambao kila mmoja amesikia habari za kazi ya mwenzake kwa muda mrefu. Lugha ya kusemeshana hawakuwa nayo. Bibi Lau akafungua kanga, akanusa, akaitikia kwa kichwa polepole, akakubali. Kisha akaenda akaliondoa lile gazeti juu ya jiko, na nikasikia gesi inawaka.

Zuwena akakunja mikono ya koti, akamfuata ndani. Mimi nikaambiwa nikae kitini. Mmoja wao, mpaka leo sijui nani, akanirushia blanketi.

Tangu hapo Jumamosi ikawa yetu, mara kwake mara kwetu, na bakuli halikupata kulala nyumba moja wiki mbili. Miss Karen naye alikuja siku moja kurudisha sahani yake, na nani alimfundisha sijui, maana ndani ameweka biskuti za dukani. Bibi Lau alizitazama kwa huruma, akazila zote, akampikia. Hakuhamishwa popote. Alimaliza siku zake kwenye flati yake, jiko lake halina kufuli, na wiki aliyofariki bakuli lilikuwa kwetu. Zuwena alilijaza vitumbua, tukampelekea mtoto wake. Yeye ndiye aliyenipa lile karai lenye uzi mwekundu. Alisema mama yake alikwisha mwambia ni la nani, na kwamba kitu kingine chochote kisipikwe ndani yake.

Sasa niwaambie kwa nini nimeandika kirefu hivi.

Zuwena ametangulia. Binti yangu yuko Ilford na watoto wake, ananipigia simu, anauliza kama nimekula. Namwambia nimekula. Karai limetundikwa jikoni, kavu. Saa yenu inadonoa. Nimekuwa nakula mkate na chai nimesimama pembeni ya sinki, na nilikuwa naona ni sawa, mtu mmoja apikie nani, mpaka juzi nilipomkumbuka Alfi, nikageuka nikaangalia trei yangu mwenyewe ya jana.

Kwa hiyo, Baraka, bakuli la mkeo sitalileta. Nimelipata kwa halali na naijua thamani yake. Njoo ulichukue mwenyewe, uje na yeyote kati ya wenzako, Jumamosi yoyote, na msile huko mtokako. Mayai yapo, tangawizi ipo, karai nimeshalishusha. Mkibisha hodi msiondoke haraka. Ngojeni kidogo. Nitakuwa natafuta meno.